Jinsi ya Kuusoma Mfuatano wa Dalili katika Dimensia ya Miili ya Lewy

Daktari anapouliza ugonjwa ulianza lini, jibu analopewa mara nyingi ni tarehe ya tukio lililoishtua familia: siku mgonjwa alipopotea njia, alipoanguka, au alipodai kwamba kuna watu wamesimama chumbani. Katika dimensia ya miili ya Lewy, mojawapo ya maradhi yanayopunguza akili hatua kwa hatua, jibu hilo halitoshi. Ugonjwa huwa umekaa ubongoni kwa miaka mingi kabla ya tukio hilo, na kila eneo ulilolifikia lilitoa ishara yake kwa wakati wake. Anayezipanga ishara hizo kwa miaka huiona njia ambayo ugonjwa umepita, na kwa maoni yangu ukurasa mmoja wa namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya hali ya mgonjwa ya leo. Mwongozo huu unawalenga walezi, wauguzi, matabibu na yeyote anayeandaa historia ya mgonjwa kabla hajaonwa na daktari bingwa wa neva.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Miili ya Lewy ni madonge madogo ya protini yanayojikusanya ndani ya seli za neva. Fritz Heinrich Lewy aliyaeleza mwaka 1912, na mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff akayaona katika sabstansia nigra, eneo jeusi la shina la ubongo linalotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kujongea, akayapa jina la Lewy. Kwa miongo mingi yalihesabiwa kuwa hasa alama ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, mpaka Kenji Kosaka wa Japani alipoanza, mwaka 1976, kueleza wagonjwa wenye dimensia ambao madonge hayo yalikuwa yametapakaa hadi kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Mwaka 1997 ikabainika kwamba protini kuu iliyomo ndani yake ni alfa-sinukleini, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye ncha za seli za neva, mahali zinapopelekeana ujumbe.

Mtu angetarajia kwamba kadiri madonge yanavyozidi ndivyo dalili zinavyozidi, lakini ubongo haufuati hesabu hiyo kikamilifu. Wapo wazee waliofariki kwa sababu nyingine, bila dalili ya Parkinson wala ya dimensia, ambao ubongo wao ulipochunguzwa ulikutwa na miili ya Lewy. Tena sehemu kubwa ya alfa-sinukleini iliyoharibika haimo ndani ya madonge yanayoonekana. Imo katika mikusanyiko midogo zaidi kwenye viungio vya seli, ambako huvuruga mawasiliano hata kabla seli haijafa. Kwa hiyo wakati wa kujitokeza kwa dalili hutegemea zaidi maswali mawili: protini hiyo imefika wapi, na je, imeandamana na uharibifu wa aina nyingine, hasa ule wa Alzheimer, ugonjwa wa dimensia unaoanza kwa kawaida na kusahau?

Kwa swali la kwanza, ramani inayotumika zaidi ni ile ya Heiko Braak na wenzake ya mwaka 2003, yenye hatua sita. Katika hatua ya 1 madonge huonekana sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, kwenye kiini cha neva ya vagasi inayohudumia tumbo na moyo, na pia kwenye eneo la kunusa. Katika hatua ya 2 hupanda hadi sehemu zinazosimamia usingizi na hisia. Hatua ya 3 ndiyo inayofika sabstansia nigra, na kutoka hapo ugonjwa huingia sehemu za ndani za tundu la kando la ubongo (sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio) katika hatua ya 4, kisha hutapakaa kwenye gamba lote katika hatua ya 5 na ya 6. Ramani hii ilitokana na ugonjwa wa Parkinson, na si kila mgonjwa wa dimensia ya miili ya Lewy anayeifuata. Kwa baadhi yao, amigdala, kiini kidogo cha hisia kilicho ndani ya tundu hilo la kando, na gamba la ubongo hushikwa wakati sabstansia nigra imeguswa kidogo tu. Ramani isitumiwe, basi, kumlazimisha mgonjwa aingie katika mpangilio wake. Itumiwe kuuliza kwa nini mgonjwa huyu ameanza alikoanza.

Andika mwaka wa kila dalili peke yake

Chukua karatasi uipige mistari ya miaka, ukianzia miaka ishirini nyuma au zaidi, kisha uiulize familia kuhusu dalili moja baada ya nyingine. Usiulize ugonjwa ulianza lini. Uliza kila dalili ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Watu wengi hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka matukio, hivyo funga swali kwenye tukio: je, alipostaafu alikuwa ameshaanza kuburuta miguu? Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, alikuwa bado anasikia harufu ya chakula kikiungua? Jibu la kukadiria linafaa, mradi uandike kwamba ni la kukadiria.

Anza na yale ambayo familia haiyahesabu kuwa ugonjwa. Kukosa choo kwa muda mrefu, kupoteza uwezo wa kunusa, na kizunguzungu kinachotokana na shinikizo la damu kushuka mtu anaposimama, ni mambo yanayoweza kutangulia dimensia kwa miaka mingi, na yanalingana na neva za tumbo, za moyo na za kunusa ambazo protini hufika mapema. Kila moja ina sababu nyingine nyingi, na peke yake haithibitishi kitu. Zinapokutana kwa mtu mmoja na kufuatwa na tatizo la usingizi ninalolieleza hapa chini, uzito wake hubadilika kabisa.

Usingizi unastahili muda mrefu kuliko dalili nyingine zote, kwa sababu ndiyo ishara ya mapema iliyo bora na ndiyo inayosahaulika zaidi. Katika usingizi wa ndoto, shina la ubongo huilegeza misuli ili mtu asitende anachokiota. Sehemu inayofanya kazi hiyo ikiharibika, mgonjwa huweweseka kwa nguvu: hurusha ngumi, hupiga mateke, hupiga kelele, na pengine huanguka kutoka kitandani. Akiamshwa, mara nyingi husimulia kwamba alikuwa akifukuzwa au akipambana na mnyama, na mienendo yake inalingana na simulizi hiyo. Yeye mwenyewe hawezi kukwambia tatizo lilianza lini, kwa kuwa alikuwa amelala. Muulize anayelala naye, na swali ambalo hutoa tarehe nzuri kuliko mengine ni hili: mliacha lini kulala kitanda kimoja, na kwa nini? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia watu 1,280 wenye tatizo hili kutoka vituo mbalimbali, ulionyesha kwamba takriban asilimia 6 kati yao kila mwaka walipata Parkinson, dimensia au ugonjwa wa jamii hiyo, na kwamba baada ya miaka 12 walikadiriwa kufikia asilimia 73.5. Andika pia kama wakati huo mgonjwa alikuwa akitumia dawa za sonona, kwa sababu baadhi yake huweza kuleta hali kama hiyo.

Baada ya usingizi, uliza kuhusu kuona. Maruerue ya ugonjwa huu, yaani kuona visivyokuwapo, huwa na umbo kamili: watoto waliokaa pembezoni mwa kitanda, mtu mzima aliyesimama mlangoni, wanyama wadogo sakafuni. Mara nyingi hawasemi kitu, na mgonjwa huweza kueleza rangi ya nguo zao bila hofu yoyote. Kabla ya hayo kwa kawaida hutangulia mambo madogo zaidi ambayo hupuuzwa: kuhisi kwamba kuna mtu nyuma yake, kuona kivuli kikipita pembeni mwa jicho, au kulidhania koti lililotundikwa kuwa ni mtu. Andika tarehe ya hayo madogo, kwa maana ndiyo mwanzo. Uchunguzi wa ubongo baada ya kifo umeyahusisha maruerue na wingi wa miili ya Lewy katika amigdala na sehemu za chini za tundu la kando, pamoja na upungufu wa asetilikolini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini na kumbukumbu. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayopokea picha kutoka machoni, huwa na madonge machache, ingawa vipimo huonyesha kwamba utendaji wake umepungua.

Kubadilikabadilika kwa ufahamu ndiko kunakowachanganya walezi zaidi, kwani asubuhi mgonjwa huzungumza vizuri na alasiri huwa kama hayupo, na jamaa waliomwona asubuhi hukataa kwamba ni mgonjwa. Yapo maswali manne yanayosaidia: je, husinzia na kukosa nguvu mchana ingawa usiku amelala vya kutosha? Mchana, kabla ya jioni, hulala kwa muda wa saa mbili au zaidi? Hukodoa macho mahali pamoja kwa muda mrefu? Kuna nyakati ambapo maneno yake hayana mpangilio? Majibu matatu ya ndiyo au zaidi huelekeza kwenye dimensia ya miili ya Lewy kuliko Alzheimer. Tarehe ya kuanza haitapatikana kwa usahihi, na mwaka wa kukadiria unatosha.

Kuhusu akili yenyewe, usiridhike na neno kusahau. Uliza alianza kushindwa kufanya nini. Mgonjwa ambaye kwanza alishindwa kuegesha gari, kupima kina cha ngazi kwa macho au kufuatilia mambo mawili kwa pamoja, lakini hukumbuka mazungumzo ya jana akidokezewa, anaonyesha tatizo la umakini na la kutambua nafasi, ambalo ni la kawaida katika ugonjwa huu. Yule ambaye kwanza aliuliza swali moja mara kwa mara, na ambaye hata akidokezewa hakumbuki, anaelekeza kwenye hipokampasi, eneo la kumbukumbu ambalo Alzheimer hulishambulia mapema. Tofauti hii itarudi baadaye.

Mwisho ni mwili: kukakamaa, uzito wa mienendo, hatua fupi, kutetemeka. Dalili hizi hujitokeza wakati sabstansia nigra imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya seli zake, kwa hiyo tarehe yake daima huchelewa nyuma ya uharibifu wenyewe.

Kanuni ya mwaka mmoja na mipaka yake

Madaktari hutumia kanuni moja kutenganisha majina mawili. Dimensia ikianza kabla ya dalili za mwili za aina ya Parkinson, wakati mmoja nazo, au ndani ya mwaka mmoja tangu zianze, huitwa dimensia yenye miili ya Lewy. Dalili za mwili zikiwa zimetangulia kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mara nyingi huwa ni miaka mingi, huitwa dimensia ya ugonjwa wa Parkinson. Yote mawili kwa pamoja ndiyo dimensia ya miili ya Lewy kwa maana pana.

Kanuni hii ni ya makubaliano, wala ubongo haujachora mpaka kwenye mwezi wa kumi na mbili. Mtaalamu anayetazama ubongo kwa hadubini bila kujua historia ya mgonjwa mara nyingi hawezi kusema alikuwa na jina lipi kati ya hayo mawili. Tofauti zipo zinapolinganishwa kwa makundi: walioanza na dimensia huwa na mabaki zaidi ya amiloidi na tau, protini mbili za Alzheimer, na walioanza na mwili huwa wamepoteza seli nyingi zaidi za sabstansia nigra. Ndiyo maana ninashauri uandike urefu wa pengo kati ya mwili na akili kwa miezi au miaka, badala ya kuandika tu kwamba kanuni imetimia au haikutimia. Pengo la miezi kumi na pengo la miezi kumi na minne hupata majina tofauti huku ubongo ukiwa katika hali ile ile, ilhali pengo la miaka miwili na la miaka kumi na mitano hupata jina moja na huenda ubongo ukatofautiana sana.

Alzheimer inapoandamana na miili ya Lewy

Hapa ndipo wakati wa dalili unapoeleza mengi kuliko mahali popote. Zaidi ya nusu ya watu waliofariki wakiwa na dimensia yenye miili ya Lewy hukutwa pia na mabadiliko ya Alzheimer kwa kiwango fulani: amiloidi nje ya seli na vifundo vya tau ndani yake. Uchunguzi wa ubongo wa watu 213 uliochapishwa mwaka 2017, wote wakiwa na ugonjwa wa alfa-sinukleini uliothibitishwa, ulionyesha kwamba kadiri mabadiliko ya Alzheimer yalivyokuwa mengi, ndivyo pengo kati ya dalili za mwili na dimensia lilivyokuwa fupi na ndivyo maisha yalivyokuwa mafupi. Alzheimer, kwa maneno mengine, huileta dimensia mapema.

Vile vile huuficha ugonjwa. Vifundo vya tau vikiwa vingi, mgonjwa huanza na kusahau, maruerue huchelewa au hayaonekani kabisa, na daktari huandika Alzheimer peke yake. Makubaliano ya kimataifa ya utambuzi ya mwaka 2017, yaliyoongozwa na Ian McKeith, yanaliweka jambo hili katika jedwali la wataalamu wa hadubini. Miili ya Lewy ikiwa imetapakaa kwenye gamba lote na Alzheimer ikiwa kidogo au ya wastani, uwezekano kwamba mgonjwa alikuwa na dalili za kawaida za ugonjwa huu ni mkubwa. Alzheimer ikiwa nyingi, uwezekano hushuka kuwa wa wastani. Madonge yakiishia sehemu za ndani za tundu la kando, uwezekano hupungua kutoka mkubwa hadi mdogo kadiri Alzheimer inavyoongezeka. Yakibaki kwenye shina la ubongo tu, uwezekano ni mdogo vyovyote iwavyo.

Kwa mwenye karatasi ya miaka mkononi, maana yake ni kwamba pengo fupi, kusahau kusikorekebishwa na dokezo, na kushuka kwa haraka ni sababu ya kumwuliza daktari kama vipimo vya Alzheimer vinafaa. Hayo ni makadirio yanayotokana na makundi ya watu. Kwa mgonjwa mmoja hayatoi hukumu.

Kusoma karatasi tatu

Chukulia wagonjwa watatu wa kubuni. Wa kwanza alianza kukosa choo na kupoteza harufu akiwa na miaka 55, akaanza kuweweseka kwa fujo akiwa na 58, akashindwa kufuatilia hesabu zake siku fulani fulani akiwa na 68, akaona watoto wasiosema akiwa na 69, na miezi michache baadaye akaanza kuburuta miguu. Mfuatano huu unapanda kutoka shina la ubongo hadi kwenye gamba, akili ikatangulia mwili, na jina lake ni dimensia yenye miili ya Lewy bila shaka kubwa. Kama familia ingetaja watoto wasiosema tu, miaka kumi na minne ya historia ingepotea.

Wa pili alianza kutetemeka mkono wa kulia akiwa na 60, akatibiwa Parkinson kwa mafanikio, na dimensia ikaja akiwa na 72. Pengo la miaka 12 linalingana na ugonjwa uliokaa muda mrefu chini kabla ya kufika juu.

Wa tatu alikakamaa akiwa na 70, na mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa na dimensia, akiuliza swali moja mara kwa mara, bila maruerue. Kwa kanuni, huyu ana jina moja na wa pili. Kwa ubongo, huenda wakawa mbali sana, na kwa huyu wa tatu Alzheimer inapaswa kuulizwa waziwazi.

Yanayovuruga tarehe

Weka safu ya pili kwenye karatasi kwa ajili ya dawa, maradhi na kulazwa hospitali, kwa kuwa mambo haya huweza kuileta dalili mbele ya wakati wake. Levodopa na dawa nyingine za Parkinson zinaweza kuchochea maruerue. Dawa zinazozuia asetilikolini, zikiwamo baadhi ya zile za mzio, za kibofu na za kutetemeka, huvuruga akili ya mtu ambaye asetilikolini yake imekwisha kupungua. Kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya upasuaji au maambukizi, kukiisha na kurudi tena bila sababu ya wazi, kunaweza kuwa ndiyo sura ya kwanza ya ugonjwa. Wataalamu wameitambua miongoni mwa njia tatu za mwanzo, pamoja na kupungua kidogo kwa akili na sonona kali au maradhi ya akili ya uzeeni.

Dawa moja iandikwe juu kabisa ya karatasi kama mgonjwa aliwahi kupewa: haloperidoli, au nyingine yoyote ya kutuliza wagonjwa wa akili. Wagonjwa wa miili ya Lewy huweza kudhurika nayo vibaya, wakakakamaa, wakasinzia kupita kiasi, na wengine wakafariki. Kukakamaa kulikoanza wiki ile ile dawa ilipoanza hakuhesabiwi kuwa tarehe ya kushikwa kwa sabstansia nigra, bali mwitikio wenyewe ni habari ambayo kila daktari atakayempokea mgonjwa anapaswa kuijua kabla hajaandika dawa nyingine.

Kupeleka karatasi kwa daktari

Makubaliano ya 2017 yanataja dalili nne za msingi: ufahamu unaobadilikabadilika, maruerue ya kuona yanayojirudia, usumbufu wa usingizi wa ndoto, na dalili za mwili za aina ya Parkinson. Mbele ya dimensia, mbili kati ya hizo hutosha kusema ugonjwa huu una uwezekano mkubwa, au moja ikiungwa mkono na kipimo kinachokubalika: picha inayoonyesha upungufu wa wasafirishaji wa dopamini, picha ya neva za moyo, au uchunguzi wa usingizi maabarani. Karatasi yako husaidia kuchagua kipimo. Usingizi ukiwa na tarehe ya shaka, maabara ya usingizi inaweza kulithibitisha tatizo. Mwili ukiwa bado haujaonyesha dalili wazi, picha ya dopamini inaweza kuonyesha kilichokwisha kuanza. Na kusahau kukiwa mbele ya yote, picha ya ubongo ya MRI inayoonyesha hipokampasi iliyonywea huelekeza kwenye Alzheimer, ilhali iliyobaki na ukubwa wake huunga mkono miili ya Lewy.

Nenda na yule anayelala karibu na mgonjwa, hata kama si yeye aliyeandika. Karatasi iendelee kuongezwa baada ya miadi. Ugonjwa huu hushuka kwa miezi na miaka, kwa hiyo mgonjwa akibadilika sana ndani ya siku mbili au tatu, usiandike hatua mpya ya ugonjwa; mpeleke achunguzwe maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, kukosa choo, maumivu, na dawa yoyote iliyoongezwa karibuni.